Tulikuwa 11, kupe wamenichagua mimi. Wajuzi wa kupe na homa zake njooni hapa

#1 MtembeaPeku
Wakuu habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, kikundi chetu cha matembezi kilipanda Uluguru kutokea Morogoro mjini mpaka Morningside, lile jengo la enzi za Mjerumani. Tulikuwa watu 11. Kupanda tulifuata barabara. Kushuka, wenye haraka wakasema tukate njia kwenye majani, na kule chini tukapumzika kwenye mwembe ambao ukiona tu vinyesi unajua ng'ombe nao hupumzika hapohapo.

Jumapili jioni najikuna nyuma ya goti, nagusa kitu kama kigaga. Nikakibandua. Kina miguu! Vilikuwa vinne, vidogo kama mbegu ya mchicha. Nikavipasua kwa kucha, nikasahau. Siku ya sita kichwa kinagonga, homa, mtoki kinenani mpaka natembea upandeupande. Na pale nyuma ya goti pametokea kidonda cha mviringo chenye gamba jeusi, kama mtu kanizimia sigara.

Zahanati: malaria hakuna. Kesho yake: malaria hakuna. Wakapima taifodi, nikaambiwa "ipo kidogo", nikapewa vidonge. Leo siku ya nne ya vidonge na homa iko palepale.

Nauliza mawili. Hii ni homa ya kupe au nini? Na kwa nini mimi, wenzangu kumi wote wazima? Mwezi ujao tunapiga kambi jirani na Mikumi, sitaki kurudi hivi.

#2 KisikiChaMpingo
Inaonekana walikuwa watu kumi na ng'ombe mmoja. Kupe hawakukosea.

#3 MamaKihonda
Pole mwanangu. Kupe habanduliwi kavukavu. Unampaka mafuta ya taa anaachia mwenyewe, au unamgusa makalioni na njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Sisi tumekua hivyo. Wewe ulimbandua kichwa kikabaki ndani, hicho ndicho kinachooza.

#4 NdembeNdembe
Nakaa hapa mbele kabisa. Majibu yakianza mniamshe.

#5 BwanaMifugoMstaafu
Mama Kihonda, heshima yako mama, lakini hapo nakataa. Nimesimama kwenye josho miaka mingi na kupe nimewang'oa wasiohesabika.

Kupe akishatoboa ngozi anatema mate yanayoganda pembeni ya mdomo kama saruji. Ndiyo maana ukimvuta ngozi inanyanyuka naye. Ukimmwagia mafuta ya taa haachii papo hapo, anahangaika, na katika kuhangaika anaweza kukucheulia ndani ya jeraha vile ulivyokuwa unaviogopa. Tafuta kibano chenye ncha nyembamba, kile cha kung'olea nyusi. Mshike mdomoni, karibu kabisa na ngozi yako, usimbane tumbo. Vuta juu moja kwa moja, taratibu, bila kuzungusha. Kipande cha mdomo kikibaki usichokonoe na pini, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Sabuni na maji, basi.

Mleta mada, kumpasua kwa kucha ndipo ulipoharibu. Uchafu wake wote umeupaka kwenye kidole ulichokuwa unajikunia.

#6 Mtaalamu_wa_Kijiweni
Hiyo ni NDIGANA kaka. Mtoki kuvimba, homa kali, kupe. Ng'ombe wa babu walikufa hivyohivyo. Tafuta dawa ya ng'ombe, gawa kwa nne.

#7 BwanaMifugoMstaafu
#6 usimuue mtoto wa watu. Ndigana kali inaletwa na kimelea cha ng'ombe, hubebwa na kupe wa kahawia anayependa masikio, na mtu haipati. Ndigana ya mtu haipo.

#8 Zamu_ya_Usiku
Mimi ni tabibu, sitibu mtu mtandaoni, ila niseme kidogo.

Kipimo cha taifodi kile cha haraka (Widal) kinadanganya sana huku kwetu. Mtu yeyote aliyewahi kukutana na vimelea jamii hiyo anaweza kuonekana "ipo kidogo". Mkuu, ulimwonyesha mtoa huduma hicho kidonda nyuma ya goti? Nakisia hukumwonyesha, ulivua shati ukapimwa presha.

Gamba jeusi, mtoki wa upande uleule, kichwa kuuma, homa inayoanza karibu wiki moja baada ya kutoka porini: picha hiyo inafanana na homa ya kupe ya Kiafrika. Mhusika ni bakteria wa jamii ya riketsia. Hospitali za Ulaya huiona kwa watalii waliotoka safari huku kwetu, sisi wenyeji tunaiita malaria na tunapita. Dawa yake ya kawaida ni doksisaiklini, na kama ndiyo yenyewe homa hushuka ndani ya siku mbili tatu. Rudi, vua suruali, onyesha, sema ulipita kwenye majani ya ng'ombe. Kwa mjamzito au mtoto mdogo lazima daktari ajue kabla hajaandika dawa.

Ila nisikufungie mlango, gamba jeusi lina sababu nyingine pia.

#9 MtembeaPeku
#8 asante sana. Ni kweli sikuvua suruali. Alikuwa dada mdogo tu, nikaona aibu.

#5 kuna kitu nilisahau. Kwenye begi nilimkuta mwingine, mkubwa, anatembea. Huyu nimemhifadhi kwenye kichupa cha dawa ya macho. Mgongoni ana rangi ya chungwa imechorwachorwa nyeusi, na miguu ina pete nyeupe kama soksi za mchezaji. Mzuri kwa kweli, ungeweza kumtia kwenye hereni.

#10 KisikiChaMpingo
Mwenzetu ameshaanza kufuga.

#11 BwanaMifugoMstaafu
Huyo ni dume la yule kupe mkubwa wa rangi, jina lake la kitaalamu *Amblyomma variegatum*. Kwa ng'ombe anatuletea ugonjwa wa moyo maji. Kwa watu anabeba hiyo riketsia ya #8. Lakini angalia: aliyekuwa begini hakukuuma. Waliokuuma ni wale wa mbegu ya mchicha. Vitoto vya kupe hukaa makundi kwenye majani, hasa masika yakishamalizika, na ukipita wanakupanda kwa makumi. Wana miguu sita, wakikua wanakuwa na minane. Sasa wale wanne walikuwa wa aina gani, hajui mtu, maana umeshawapasua.

#12 Njoro_wa_Ngong
Poleni majirani. Sisi hupanda vilima vya Ngong na ng'ombe wako kila mahali huko. Mimi nilianza kuvaa soksi nyeupe ndefu, suruali naiingiza ndani ya soksi. Walinicheka, ati nakaa askari wa mkoloni. Tulipofika chini nikahesabu saba kwenye soksi, weusi juu ya nyeupe, wote wanaelekea juu. Huyo mdudu hajui kushuka. Wale walionicheka walikuwa wamevaa kaptula nyeusi, hawakuona chochote, na kutoona si kwamba hawakuwa nao.

#13 Mtaalamu_wa_Kijiweni
Kaptula haihusiani. Kupe hudondoka kutoka mtini. Peku alikaa chini ya mwembe, wakamdondokea.

#14 BwanaMifugoMstaafu
Wakamdondokea nyuma ya goti? Kupe hapandi mwembe. Anapanda ncha ya jani, anainua miguu ya mbele hewani kama mtu anayesimamisha daladala, anangoja. Anahisi pumzi na joto lako. Na huyu wa rangi hasubiri hata kusubiri, akikuhisi anateremka chini anakufuata kwa miguu. Ndiyo maana ni hatari kukaa hasa pale ng'ombe wanapopumzikia mchana: kupe walioshiba wameangukia hapo, wametaga hapo. Jike mmoja anataga mayai maelfu.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini mimi" ni rahisi. Peku, ulikaa wapi?

#15 MtembeaPeku
Kwenye majani. Mkeka ulikuwa mmoja, ukajaa.

#16 DadaWaMkeka
Samahani wakuu, mimi nilikuwepo siku hiyo na mkeka ni wangu. Peku unasema uongo. Wewe ulilala katikati ya mkeka, viatu umevua, unakoroma. Aliyekaa majanini ni mimi, na sikuumwa hata na siafu.

#17 NdembeNdembe
Nimeamka.

#18 MtembeaPeku
Nililala baadaye! Mwanzo nilikaa majanini.

#19 Kachumbari_Kali
Ni damu. Kundi O ndilo wadudu wanalopenda. Mimi nina O na mbu wananijua kwa jina.

#20 Zamu_ya_Usiku
#19 mambo ya mbu na makundi ya damu usiyahamishie kwa kupe. Dada alivaa nini?

#21 DadaWaMkeka
Suruali ya jinzi na buti. Peku alikuwa na kaptula na alitangulia mbele wakati wa kukata njia, anafyeka majani kwa fimbo kama kiongozi wa msafara.

#22 Njoro_wa_Ngong
Si nilisema. Wa kwanza ndiye huzoa. Wa nyuma hupita njia iliyofagiliwa.

#23 Kijana_Kilosa
Kwetu wanasema kinyume. Wa kwanza anawaamsha, wa pili ndiye anawabeba.

#24 MgogoWaMvumi
Mmeongea vizuri lakini nusu yenu mnachanganya kupe na papasi. Nimezaliwa Dodoma, papasi namjua kwa majina yote mawili, la shuleni na la matusi.

Papasi hayupo majanini. Anaishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za sakafu ya udongo na ukutani karibu na kitanda. Ngozi yake ni kama ya korosho kavu, ukimtazama kwa juu huoni kichwa. Usiku anatoka, ananyonya kama nusu saa hivi, kabla hujajigeuza ameshaondoka. Asubuhi hukuti mtu, unakuta tone la damu kwenye shuka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba inahamwa, watu wanarudi, naye yupo anawangoja.

Homa yake inakuja siku kadhaa, inakatika kabisa, unasema nimepona, unaenda shamba, baada ya wiki hivi inarudi. Bibi alikuwa na sheria: mgeni alale kitandani, sisi watoto wa nyumba chini. Tulidhani ni heshima. Baadaye ndipo nikaelewa, wenyeji walishazoea, mgeni ndiye aliyekuwa anaangushwa. Na akiwa mjamzito, mimba inaweza kutoka.

Peku, homa yako ilikatika ikarudi? Na usiku ule mlilala wapi?

#25 MtembeaPeku
Haikukatika. Nililala kwangu, sakafu ya vigae. Ila usiku wa Ijumaa, kabla ya safari, nililala kwa mjomba kijijini. Sakafu ya udongo...

#26 Mtaalamu_wa_Kijiweni
PAPASI! Nilisema tangu mwanzo.

#27 MgogoWaMvumi
Hukusema. Ulisema ndigana.

#28 Kabati_la_Vitabu
Nyongeza fupi kwa #24. Homa ya papasi imeua hata waliokuja kuichunguza. Daktari Mwingereza Joseph Dutton aliipata Kongo akiwa kazini, akafa Kasongo Februari 1905. Bakteria wa homa hiyo amepewa jina lake. Mwaka huohuo mtafiti Mjerumani Robert Koch alikuwa huku, enzi za Mjerumani, akagundua kwamba vimelea vinapita kutoka kwa papasi jike mpaka kwenye mayai yake, yaani kitoto kinazaliwa na silaha tayari.

#29 Zamu_ya_Usiku
Ya papasi huonekana kwenye hadubini, tone la damu likichukuliwa homa ikiwa juu: vijiuzi vilivyojisokota katikati ya chembe nyekundu. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuviona. Hicho kijiti kimeturahisishia kazi ila kimetuua macho. Lakini papasi haachi gamba jeusi. Peku, nenda hospitali leo, uzi utakungoja.

#30 Mswahili_Carolina
Nawasalimu kutoka North Carolina. Huku kupe ni habari ya kila kiangazi. Ugonjwa maarufu wa Lyme uliitwa kwa jina la mji ulioko Connecticut, watoto walivimba magoti miaka ya 1970, na bakteria wake akaonekana 1982. Kanuni yetu: ukimtoa kupe ndani ya saa 24 una nafasi kubwa ya kusalimika.

Ninachofanya mimi: nguo za porini nazipulizia permethrini ya asilimia 0.5, naacha zikauke kabisa kabla ya kuvaa (zikiwa mbichi paka asisogee, inamuua). Ngozini napaka DEET, dawa ya kufukuza wadudu. Nikirudi, nguo moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali, mimi bafuni ndani ya saa mbili, halafu kioo: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, mkanda wa suruali, kinenani, nyuma ya magoti.

Na kuna kupe wa huku, jike lina doa jeupe mgongoni, akikuuma unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu. Tunasali na Mkurya mmoja hapa, alikula mbuzi saa moja jioni, saa sita usiku anavimba midomo. Sasa hivi ni kuku na samaki tu.

#31 KisikiChaMpingo
Mkurya bila nyama?? Huyo amekufa, mmezika kivuli.

#32 Zamu_ya_Usiku
#30 asante, ila saa 24 ni hesabu ya Lyme. Usiilete kwenye papasi, yeye dakika chache zinamtosha. Kwa kupe wa huku kwetu ondoa mara tu unapomwona, usihesabu saa.

#33 MamaKihonda
Mashine ya kukaushia nguo ni ya nani hapa Kihonda? Anika juani, piga pasi ya mkaa kwenye mishono. Hakuna kupe wala funza atakayebaki.

#34 Mswahili_Carolina
Mama umemaliza. Joto ni joto.

#35 Kijana_Kilosa
Swali. Hiyo permethrini na dawa ya kuogesha ng'ombe si kitu kimoja? Binamu yangu alilowesha jinzi kwenye dawa ya josho, akaenda nayo kuchoma mkaa.

#36 BwanaMifugoMstaafu
Akarudije?

#37 Kijana_Kilosa
Jasho linamtoka, mate yanamtoka, tumbo linasokota, anasema anaona ukungu. Tukajua mashetani.

#38 BwanaMifugoMstaafu
Mashetani gani! Hiyo ni sumu ya oganofosfati, baadhi ya dawa za kuogeshea zimetengenezwa nayo. Inaingia kwenye ngozi, inashika mishipa ya fahamu. Amshukuru Mungu. Nasema kwa herufi kubwa: DAWA YA JOSHO SI YA SURUALI. Permethrini ya nguo ni kitu kingine, ni jamii ya zile za vyandarua, imetengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, haya wanayolima Iringa na Mbeya. Soma karatasi ya chupa. Kama haijaandikwa ni ya nguo, haihusiani na nguo.

#39 Ubao_wa_Maskati
Wakubwa, niko Maskati. Huku kuna kupe mwingine, wa ngamia na mbuzi, mwenye miguu ya michirizi na mbio za ajabu. Anabeba homa ya Krimea na Kongo, ile ya kutoka damu. Kila Idi Kubwa ikikaribia serikali inatangaza: ukichinja vaa glavu, usimpasue kupe kwa kidole. Uganda nao imewatokea mara kadhaa tangu 2013. Kwa hiyo hiyo tabia ya Peku ya kucha iacheni kabisa. Mtie kwenye kichupa, au mbandike kwenye utepe wa gundi.

#40 Kachumbari_Kali
Mzee wangu alikuwa akituambia enzi za Azimio la Arusha, 1967, kupe alikuwa ni mtu asiyefanya kazi. Walichorwa magazetini wana vitambi. Sasa wamerudi kwenye majani?

#41 KisikiChaMpingo
Hawajawahi kuondoka, wamebadilisha ofisi tu.

#42 NdembeNdembe
Tusitoke nje ya mada. Peku yuko hai?

#43 MtembeaPeku
Nipo wakuu, samahani kwa ukimya, siku tano sasa. Nilienda kwingine. Daktari mzee, akaniambia vua suruali kabla sijakaa. Akaangalia gamba, akabonyeza mtoki, akachukua damu kwa hadubini: vijiuzi vya papasi hakuna. Kisha akaniuliza swali ambalo hapa hakuna aliyeniuliza: "Umeshika mnyama aliyekufa au ngozi mbichi?"

Na kweli. Siku mbili baada ya matembezi kulikuwa na shughuli kwa jirani, nilisaidia kuchuna mbuzi. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari "homa ya kupe?" na chini yake "kimeta?" Yote mawili na alama za kuuliza. Akanipa doksisaiklini. Siku ya tatu homa imeisha, mtoki unanywea. Nikamuuliza ilikuwa ipi. Akasema dawa hiyo inazipiga zote mbili, "wewe furahi".

#44 BwanaMifugoMstaafu
Kimeta cha ngozi huvimba sana pembeni, na huanzia pale palipogusa damu. Wewe umechuna mbuzi kwa goti? Na yule mbuzi alichinjwa akiwa mzima, mmekula wangapi, nani ameumwa? Ni kupe huyo.

#45 Zamu_ya_Usiku
Mzee, mtu anachuna huku anajikuna, tena alishasema goti lilikuwa linawasha. Nami naegemea kwa kupe, ila simlaumu daktari kwa alama yake ya kuuliza. Mwingine angeandika malaria.

#46 MamaKihonda
Peku niambie ukweli. Mafuta ya taa ulipaka hukupaka?

#47 MtembeaPeku
...Nilipaka mama. Usiku ule niliposoma #3.

#48 MamaKihonda
Basi mnajua kilichomponya.

#49 BwanaMifugoMstaafu
Nakwenda kulala.

#50 Njoro_wa_Ngong
Kabla mzee hujalala: nasikia ukifuga kanga wanamaliza kupe uwanjani. Ni ukweli?

#51 BwanaMifugoMstaafu
Wanakula baadhi, wale wakubwa wanaoonekana. Vya mbegu ya mchicha hawavioni. Hata askari wa kifaru, wale ndege wanaokaa migongoni mwa wanyama, watu wanawasifia kwa kula kupe lakini wakikuta kidonda wanadonoa damu vilevile. Kila mtu yuko kwenye biashara yake.

#52 Kijana_Kilosa
Kanga ninao, anayehitaji kwa ajili ya kambi ya Mikumi aje faragha.

#53 DadaWaMkeka
Kambi iko palepale. Safari hii mikeka miwili, suruali ndefu ni lazima, soksi nyeupe juu ya suruali kama Njoro, na jioni kila mtu na tochi na kioo chake. Peku atatembea katikati, tujue ni wa mbele au wa nyuma wanaobeba kupe.

#54 MtembeaPeku
Naafiki, ila kuna jambo. Leo asubuhi nimekuta kichupa kiko wazi mezani. Mke wangu anasema alikuwa anatafuta dawa ya macho.

#55 NdembeNdembe
Na kupe?

#56 MtembeaPeku
Ndiyo tunamtafuta.